Reale ya Shamu Inasema Kweli?

Maria Theresa, aliyetawala milki ya Austria, alifariki Novemba 1780, lakini sarafu yake ya fedha iliendelea kupigwa chapa. Wafanyabiashara wa Uhabeshi, Arabuni na Pwani yetu, walioiita reale ya Shamu, walikuwa wameizoea hivi kwamba viwanda havikuthubutu kubadili chochote: sura ileile ya mama mnene mwenye shela, mwaka uleule wa 1780. Mwaka 1935 Italia, ikijiandaa kuivamia Uhabeshi, ilipewa na Austria kwa mkataba vyuma vya kuipigia chapa. Uingereza nayo haikukubali kuachwa nyuma. Kuanzia 1936 ikazipiga London kwa vyuma ilivyojitengenezea yenyewe, na baadaye Bombay. Mtu akikuwekea mkononi mojawapo ya hizo leo na kukuuliza kama ni halisi, utamjibu nini?

Wengi wataanzia kwenye mzani, na si vibaya. Reale hii ina uzito wa takriban gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 833 ni fedha. Ukiipima hewani kisha ndani ya maji, uzito wake kwa ujazo unapaswa kukaribia mara 10.2 ya ule wa maji. Ikipungua sana, shaba au bati imezidi ndani. Ukingoni pana maneno ya Kilatini, yenye maana ya haki na huruma, yakifuatana na nakshi. Aliyemimina bandia yake kwenye kalibu hupata taabu hasa hapo, maana kalibu huacha mshono ukingoni na vitundu vidogo vya hewa usoni. Wanunuzi wa zamani walikuwa na kipimo chao: walihesabu lulu za bizimu begani mwa malkia, na iliyofutika lulu waliikataa hata kama fedha yake ilikuwa kamili.

Lakini sarafu ya London hufaulu vipimo hivi vyote, na bado tarehe yake ni ya uongo kwa zaidi ya miaka 150. Mzani hujibu swali moja tu: fedha imo au haimo? Hauwezi kujua sarafu imetoka wapi, wala aliyeileta amekuambia nini. Ndiyo maana naona ubandia haukai ndani ya chuma. Unakaa baina ya mtoaji na mpokeaji, pale mmoja anapomfanya mwenziwe ategemee jambo lisilo kweli. Mfanyabiashara wa ngozi aliyepokea reale ya London hakudanganywa, kwa kuwa kwake 1780 ilikuwa alama ya uzito na madini, na uzito na madini aliyapata. Sarafu hiyohiyo, bila kupoteza hata chembe ya fedha, ikiuzwa leo kwa mkusanyaji kama kazi ya uhai wa malkia, imegeuka bandia mezani pale pale.

Mtu wa fikihi anaweza kunipinga kwamba maulamaa walizungumzia madini, si maneno. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilishughulikia jambo hili katika kitabu chake Ihya, na anataja kauli kali kwamba kupitisha dirhamu moja mbovu ni kubaya kuliko kuiba dirhamu mia, kwa sababu wizi hukoma ulipofanyika, ilhali dirhamu mbovu huendelea kuzunguka na kumchumia dhambi aliyeianzisha hata akiwa kaburini. Hata hivyo Ghazali huyohuyo anaruhusu kufanya biashara kwa dirhamu iliyochanganywa na shaba, iwapo ndiyo sarafu ya mji ule. Shaba ni ileile katika hali zote mbili. Kinachotofautisha ni kwamba katika mji ule kila anayeipokea anajua anapokea nini.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kama ubandia uko katika maelezo, basi mghushi atatakasika kwa kusema ukweli tu? Carl Wilhelm Becker, Mjerumani aliyefariki mwaka 1830, alighushi sarafu za Wagiriki na Warumi kwa ustadi wa kutisha. Inasemekana alizitia pamoja na unga wa chuma ndani ya kisanduku kwenye gari lake la farasi, zikasuguane njiani mpaka zionekane kongwe. Leo wakusanyaji hununua sarafu za Becker kama sarafu za Becker, na hakuna anayedhulumiwa. Nakubali matokeo hayo, ila hayamsafishi Becker, ambaye aliziuza kwa jina la wengine.

Tena maneno hayasafiri na sarafu, na hapa Ghazali aliona mbali. Kwake haitoshi kumwambia mpokeaji kwamba dirhamu ni mbovu, ikiwa unajua ataipeleka kwa mwingine asiyeambiwa; bora uitupe kisimani. Mimi nisingetupa reale ya Bombay kisimani, kwani nayo ni ushahidi wa historia yake, na fedha yake haina kasoro. Bali hoja yake kuhusu mnunuzi wa tatu sioni pa kuikwepa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 kuhusu sarafu za kuigiza ilifuata njia hiyohiyo: haikuridhika na risiti wala cheti, ikaagiza neno la kuonyesha kuwa ni nakala lichapwe kwenye chuma chenyewe.