Kumbukumbu Mbili kwenye Chemchemi Moja

Neno kumbukumbu limebebeshwa mizigo miwili. Mke na mume wakitimiza miaka kumi ya kuishi pamoja, husema wanaadhimisha kumbukumbu ya ndoa yao. Jamaa wakikusanyika kumrehemu mtu wao aliyefariki miaka kumi iliyopita, nao husema wako katika kumbukumbu. Udi wa arusi na ubani wa hitima vimepewa jina moja, nasi hatukuona tabu, kwa kuwa kwa desturi shughuli hizo mbili hufanyika katika nyumba mbalimbali. Swali la makala haya ni hili: zikikutana mahali pamoja, mwenye furaha anawiwa nini na mwenye msiba?

Mahali pa kulitazamia swali hili pako mbali nasi, katika nchi ya Costa Rica, Amerika ya Kati. Karibu na mji mdogo wa La Fortuna umesimama mlima Arenal, wenye kimo cha zaidi ya mita 1,600, umechongoka kama kawa. Chini yake, mahali paitwapo Tabacón, hupita mto wa maji ya moto. Mvua za nchi ile ni nyingi. Maji yake hupenya katika nyufa za miamba, hushuka hata yakakutana na joto la volkano, kisha hupanda tena juu yakiwa yamebeba chumvi za mawe, yakaingia mtoni. Wenye hoteli wameyakinga maji hayo kwa mawe, wakafanya vidimbwi kwa ngazi, kimoja chini ya kingine, katikati ya miti na maua. Vidimbwi vyenye joto kali hukaribia nyuzi 40 za sentigredi. Huko ndiko waendako wapenzi kutoka Marekani, Ulaya na kwengineko kuadhimisha miaka yao ya ndoa: wakaoga usiku, mvua baridi ikiwanyeshea vichwani na maji ya moto yakiwafika mabegani. Hakuna haja ya kudharau starehe hiyo. Ni neema, na mwili wa binadamu hujua kuishukuru.

Lakini mlima huo una habari nyingine. Kabla ya mwaka 1968 wenyeji waliuona kuwa ni mlima kama milima mingine. Walilima na kufuga ng'ombe miguuni pake, na hapakuwa na babu aliyewasimulia kwamba amewahi kuuona ukitoa moto. Asubuhi ya tarehe 29 Julai 1968, ubavu wake wa magharibi ulipasuka. Mawe yaliyoiva kwa moto yalirushwa mbali, na wingu la hewa iunguzayo likateremka kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia. Vijiji vya Tabacón na Pueblo Nuevo viliangamia. Watu wapatao 80 walikufa. Tangu siku hiyo mlima haukunyamaza kwa zaidi ya miaka 40. Uliendelea kutema moto mpaka mwaka 2010, na mnamo Agosti 2000 wingu jingine liliua tena, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo mwongozaji wa watalii.

Basi Tabacón ya vidimbwi ni jirani wa Tabacón iliyoangamia, na jina ni lile lile. Maji yanayompumzisha mgeni hupashwa na mlima ule ule ulioviunguza vijiji. Na kila mwaka, ifikapo tarehe 29 Julai, kuna watu katika wilaya ile wanaohesabu miaka, kama wahesabuvyo wale wawili walioko majini. Hesabu ni moja. Kinachohesabiwa ndicho tofauti.

Wako watakaosema kwamba starehe ya namna hiyo ni haramu ya moyo hata kama si haramu ya sheria. Penye makaburi hapachezwi ngoma. Hoja hii ina heshima yake, na sisi tuliolelewa kushusha sauti tupitapo mavani twaielewa mara moja. Lakini tukiifuata mpaka mwisho wake itatutoa duniani. Hakuna pwani isiyomeza mabaharia, wala mji wa kale usiojengwa juu ya mifupa. Kama kila palipofia mtu pangefungwa kwa furaha, hatungepata pa kutandika jamvi la arusi.

Wako pia watakaosema kinyume: aliyekufa amekufa, maji ni maji, na mgeni amelipa. Hoja hii ni nyepesi, nayo huvutia kwa wepesi wake. Lakini hebu tumwelekeze mwenye kuisema kwenye hafla yake mwenyewe. Kama yaliyopita yamepita, yeye na mkewe wamesafiri bahari yote ile kuadhimisha nini? Siku waliyooana nayo imekwisha. Mwenye kuadhimisha amekwisha kukiri kwamba kilichotokea zamani kina haki juu ya leo. Hawezi kuidai haki hiyo kwa siku yake ya arusi, kisha akainyima siku ya kufa ya mwengine.

Hapa yafaa tuangalie kumbukumbu ya ndoa ni kitu gani hasa. Wazee wetu walikuwa na fungate, siku saba ambazo jina lake limezihifadhi. Bwana na bibi arusi walikaa ndani, wakahudumiwa, wakajuana. Fungate ilikuwa ya watu wasiojuana bado. Safari ya mwaka wa kumi ni ya watu waliokwisha kujuana, pengine kupita kiasi. Wapenzi wa ushairi wataniruhusu nisema kwamba kumbukumbu ya ndoa ni kibwagizo. Katika shairi la tarbia, mshororo wa mwisho hurudi ubeti baada ya ubeti kwa maneno yale yale. Ila msikilizaji hausikii kama alivyousikia mwanzo, kwa sababu ya mishororo mitatu iliyoutangulia. Vivyo hivyo mtu humwambia mkewe neno lile lile alilomwambia siku ya ndoa, lakini sasa limepita katika maradhi ya mtoto, katika mwezi usio na mshahara, katika usiku wa maneno makali ambayo hayakuweza kurudishwa kinywani. Anayetaka kuadhimisha miaka kumi bila ya hayo anaadhimisha ndoa nyingine, wala si yake.

Ikiwa ni hivyo, wawili hao si wageni kabisa pale Tabacón. Wao ndio wanaojua, kuliko kijana wa fungate, kwamba moto upashao nyumba waweza pia kuiunguza, na kwamba kukaa pamoja baada ya moto si kusahau. Kuambiwa habari ya mwaka 1968 hakutawaharibia usiku wao. Kutawataka wafanye kwa wengine kile walichokuja kujifanyia wenyewe: kukumbuka. Deni lao, basi, si machozi, wala si kutoka majini. Deni lao ni kujua. Furaha ijuayo mahali ilipoketi haimwibii mtu kitu.

Lakini mgeni atajuaje asipoambiwa? Hapa lawama huhama kutoka kwa mgeni ikaenda kwa mwenyeji. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kawaida twaifasiri methali hii kwa chungu na sahani, kwamba siku ya mgeni hata mwenye nyumba hula vizuri. Na kweli, utalii huleta ajira na ada za shule pale ambapo moto ulichoma malisho. Mtu asiyekwenda Tabacón kwa kuwaheshimu wafu huenda akawanyima riziki wajukuu wa wafu hao. Lakini kupona kuna maana nyingine. Mwenyeji anayelazimika kuficha msiba wake ili mgeni asikereke hajapona, amefunikwa tu.

Tutenge hapa kimya cha aina mbili. Kuna kimya cha mfiwa, asiyetaka kumsimulia kila mpita njia jinsi mama yake alivyokufa. Hicho ni haki yake, na hakuna anayeruhusiwa kumfungua kinywa. Na kuna kimya cha mfanyabiashara, anayehofia kwamba huzuni itapunguza wateja. Hiki si staha. Aliyefiwa akinyamaza, analinda kitu chake mwenyewe. Mfanyabiashara akinyamaza, amechukua cha wenzake, na chumba kimejaa.

Hoja hii isingekuwa na uzito kama ingeishia Costa Rica. Sisi wa visiwani ni wenyeji wa kazi hiyo hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander, iliyopakia watu kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Mamia ya ndugu zetu hawakurudi. Na Nungwi hiyo hiyo ndipo wanapokuja mke na mume kutoka mbali kutazama jua likizama siku ya kumbukumbu yao. Maji ni mazuri, mchanga ni mweupe, na bahari hainyooshi kidole mahali palipozama meli. Kila tuliloliuliza juu ya Tabacón twaweza kuulizwa sisi.

Ipo hatari ya upande wa pili, nayo tusiifiche. Msiba nao waweza kutiwa bei. Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, wageni hukata tiketi na kuongozwa vyumbani. Ni vyema kwamba wanaambiwa. Ila mtu anayesimulia mateso yale kila siku, kundi baada ya kundi, yumo katika hatari ya kuyageuza bidhaa, na msikilizaji naye huenda akatoka akidhani kwamba kwa kulipa tiketi amekwisha lipa deni. Kumbukumbu yenye adabu haihitaji maonyesho. Yatosha jina la mahali, tarehe, na idadi ya waliokufa, yasemwe mara moja kwa sauti ya kawaida na mtu anayeyajua. Kisha mgeni aachiwe aingie majini akitaka.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba hakuna kumbukumbu iliyo lazima kuipisha nyingine. Wawili walioko chemchemini waendelee kuhesabu miaka yao, na wafiwa waendelee kuhesabu yao, ilimradi hesabu moja isifichwe ili nyingine ipendeze. Na mgeni wa kike au wa kiume akimwuliza kijana wetu wa Nungwi, akionyesha kaskazini, kwamba kule baharini kuna nini, kijana asimjibu kwamba kuna pomboo tu.