Ukuta Ujizibao Ufa

Wahenga walipotuachia usemi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, hawakuwa wakitufunza uashi peke yake. Walitukumbusha kuwa kila kilichojengwa kina mtu apaswaye kukitunza. Leo wataalamu wamebuni zege lizibalo ufa wake lenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, Henk Jonkers na wenzake walichanganya ndani ya zege bakteria waliolala pamoja na chakula chao. Zege likipasuka na maji yakapenya, bakteria huamka, hula, kisha hutoa chokaa ijazayo ufa. Yatupasa basi tujiulize: ukuta ukijiziba, wajibu wetu umekwisha?

Jibu na tulitafute Mikindani, karibu na mji wa Mtwara. Majumba ya kale ya huko yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa nayo hujiponya kwa kiasi: maji ya mvua huiyeyusha na kuiacha ndani ya ufa mdogo, ikaganda tena kuwa jiwe. Hata hivyo, baadhi ya majumba hayo leo ni magofu. Paa likiachwa libomoke, hakuna chokaa iwezayo kushindana na masika. Boma la mwaka 1895 lingali limesimama kwa kuwa watu walilikarabati.

Tena chokaa ile ilikuwa na gharama ambayo mjenzi hakuilipa. Katika Ghuba ya Mikindani matumbawe hai yaling'olewa yakachomwa. Nyumba ikapata kuta, samaki wakapoteza makazi. Mwaka 2000, kwenye pwani iyo hiyo, ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ili bahari nayo iwe na mlinzi.

Saruji, ambayo Mtwara ina kiwanda chake kikubwa tangu 2015, pia ina gharama yake: utengenezaji wake duniani hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ukaa itokanayo na shughuli za binadamu. Zege lidumulo litapunguza haja ya saruji mpya. Kwa hiyo twalipokea kwa shukrani. Lakini bakteria huziba ufa usiofikia milimeta moja. Mwashi apunjaye saruji, msimamizi afumbaye macho, mwenye nyumba asahauye paa: hao hufungua nyufa pana zaidi, na hizo zangali zikimngoja binadamu.