Githeri ya Kyeni, Kichwa cha Habari cha London

Je, habari inaweza kupotosha hata kama utafiti inaoutaja ni wa kweli? Mimi nasema ndiyo, na mfano wangu unatoka Embu.

Mwaka 1998, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walianza kuwapa watoto wa darasa la kwanza chakula katika shule za Kyeni. Utafiti wote ulihusu shule 12. Kundi moja lilipewa githeri yenye nyama, la pili githeri na maziwa, la tatu githeri iliyoongezwa mafuta ya kupikia. La nne halikupewa chakula. Baada ya miaka miwili, waliokula nyama waliongoza kwenye jaribio la kufikiri kwa kutumia michoro, na walikuwa wamejenga misuli zaidi.

Februari 2005, Lindsay Allen, mmoja wa watafiti hao, aliyaeleza matokeo hayo kwenye mkutano wa wanasayansi jijini Washington. Akaongeza kwamba kumlea mtoto bila nyama, maziwa wala mayai ni kukosa maadili. Wee! BBC ikatangaza kwamba lishe ya vegan inadhuru watoto. Hata mwanamuziki Paul McCartney akajitokeza kupinga.

Sasa angalia kilichopotea njiani. Watoto wa Kyeni hawakuwa vegan. Vegan wa London anapita mbele ya nyama dukani, anaiacha kwa hiari yake, kisha akitaka anameza tembe za vitamini B12. Mtoto wa Kyeni alikula mahindi na maharagwe kwa sababu ndiyo yaliyokuwa kwenye sufuria. Sisi wa Meru na Embu tunaijua tofauti hiyo vizuri: githeri ya kupenda, yenye karoti, viazi na parachichi pembeni, na githeri ya kukosa si chakula kimoja.

Utafiti wenyewe haukulinganisha nyama na mlo wa mimea uliopangwa vizuri. Tena, waliopewa githeri ya mafuta, bila nyama wala maziwa, nao waliwapita kwa hesabu wale wasiopewa kitu. Kichwa cha habari hakikuwa na nafasi ya hilo.

Simaanishi kwamba nyama haikuwafaa. Iliwafaa, na B12 huwezi kuipata kwenye mahindi na maharagwe. Kinachoniuma ni kwamba umaskini wa watoto hawa ulifutwa ili wawe hoja kwenye ugomvi wa watu walioshiba. Upande mmoja ulitetea nyama yake, mwingine mboga zake. Swali la nani atawapikia watoto wa Kyeni utafiti ukiisha likakosa wa kuliuliza.

Kwa hivyo ukitumiwa tena ile "utafiti wasema" kwenye WhatsApp, usiifowadi kwanza. Uliza: ni nani waliopimwa, na kabla ya watafiti kufika walikuwa wanakula nini?