Kwa Mafundi Bomba Vijana: Joto Mnalolidharau

Wanangu, nikipita kwenye nyumba mpya nikakuta hita ya sola imeungwa kwa bomba la PVC, roho inaniuma. Bomba lile mkononi ni gumu, ukiligonga linalia kavu, nanyi mnaliamini. Ugumu ule una mpaka.

Plastiki imejengwa kwa molekuli ndefu zilizosokotana. Zikiwa baridi hukaa zimekazana pale pale. Joto likifika kiwango fulani huanza kucheza na kuteleza, na kitu kilichokuwa kigumu kama kioo kinalegea. Kiwango hicho ndicho joto la mpito wa kioo. Kwa PVC ngumu ni karibu nyuzi 80 za Selsiasi. Bomba halisubiri kuyeyuka, wala halitoi moshi wa kukuonya.

Mpaka huo mikono yenu inaujua. Mkikosa soketi mnawasha jiko la mkaa, mnazungusha ncha ya bomba juu yake hadi ilainike, mnasukumiza bomba jingine ndani, mnamwagia maji, kazi imekwisha. Basi sola nayo, siku ya jua kali ambayo hakuna aliyeoga mchana, maji yake huweza kuzipita nyuzi 80. Kazi ya jiko lenu inafanyika upya humo darini, safari hii bomba likiwa na presha. Tena soketi ya jiko ikipata joto lile hutaka kurudia umbo iliyotoka nalo kiwandani, kiungio kinaachia. Na nguvu huanza kupungua mapema: presha iliyoandikwa ubavuni mwa bomba ni ya maji ya nyuzi 20, na kuzidi nyuzi 60 PVC haifai kabisa. Chini ya kiungio hicho huenda kuna mtoto anaogeshwa. Nawasihi, maji ya moto yapitisheni kwenye bomba la PPR.

Kuna kijana aliyeniuliza: mbona mpaka wa PPR uko karibu na nyuzi 0, nayo inahimili? Ameuliza vizuri. Ndani ya PPR sehemu ya molekuli imejipanga kwa fuwele, na fuwele hizo hushikilia bomba hata likipata nyuzi 100 na ushei. Ndiyo sababu mashine ya kuchomelea tunaiweka nyuzi 260. Kinacholegea ni ile sehemu isiyojipanga, nayo ndiyo inayolifanya bomba livumilie kugongwa.

Kwa hiyo ninyi mnaofanya kazi Njombe na Makete, muwe macho Juni na Julai. Asubuhi ya umande ulioganda, sehemu hiyo nayo hukakamaa. Msiyatupe mabomba kutoka kwenye gari, na mkasi wa kukatia uwe na makali. Ukiona ufa mwembamba kwenye ncha, kata pande lile lote ulitupe, hata kama kilichobaki hakitafika ukutani.