Wajukuu Wangu, Punguzeni Chumvi

Sogeeni, wajukuu wangu wa Kolandoto, nanyi mlioko kwenye maduara ya machimbo ya Geita na Mwakitolyo. Punguzeni chumvi. Nimezika watu ambao umri wao wa kufa ulikuwa bado, ndiyo maana sinyamazi.

Nawaona mnavyokula. Ugali unatua mezani, na kabla kijana hajaonja mboga mkono umeshafika kwenye kikopo cha chumvi. Nyama choma inachovywa, embe bichi linachovywa, chipsi zinanyunyiziwa. Mchuzi nao umeshatiwa kidonge cha kuongeza ladha, na sehemu kubwa ya kidonge chenyewe ni chumvi. Mkono unaotangulia ulimi humtangulizia mtu machela.

Mababu zetu wa Usukuma walikwenda kwa miguu hadi Ziwa Eyasi kuifuata chumvi, wakirudi na mizigo. Nyingine ilitoka Uvinza, kule Kigoma. Kilichopatikana kwa taabu kilitiwa chunguni kwa kipimo. Leo pakiti iko kila kioski, nanyi kipimo mmekitupa.

Kirudisheni. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Kijiko hicho ni cha siku nzima, wajukuu wangu: cha maharage, cha mkate, cha dagaa, cha kayabo, yule samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Duniani kote watu wanakula wastani wa karibu gramu 11, zaidi ya mara mbili ya kipimo.

Sikilizeni inavyoumiza. Chumvi huvuta maji yakaingia kwenye damu. Damu inaongezeka, mishipa ni ileile, na msukumo wake, yaani presha, unapanda kama kwenye mpira wa bustani bomba likifunguliwa hadi mwisho. Moyo unafanya kazi ya kupita kiasi, mishipa inakakamaa, figo zinachakaa.

Na presha haipigi hodi. Unalima pamba, unashuka duara, unacheza ngoma, unajiona mzima. Kumbe ndani unaliwa.

Kisha asubuhi moja mdomo unakwenda upande. Mkono hauinuki. Unataka kumwita mama, sauti haitoki. Hicho ni kiharusi. Nyumba inaanza kuuliza nani kamroga, na wakati wanamtafuta mganga wa kienyeji, ubongo unaendelea kufa. Nawasihi, mkiona dalili hizo mkimbizeni mgonjwa hospitali saa hiyohiyo.

Mwingine figo zinamfia. Hapo ni safari za hospitali ya Bugando, Mwanza, kusafishwa damu kila wiki, na hakuna wiki ya kupumzika. Anauzwa ng'ombe wa kwanza, wa pili, hadi zizi linabaki na kinyesi kikavu. Mtoto anaacha shule, mke anauza shamba. Ulimi hukopa, zizi hulipa.

Mtaniambia, "Babu, sisi wachimbaji tunatoka jasho, chumvi inatutoka." Kweli inatoka. Lakini chakula cha mamalishe kambini kimeshairudisha, tena na ziada. Mwenye jasho aanze na maji. Akijisikia kizunguzungu au misuli ikimkaza, aende kwa mganga wa zahanati, asijitibu kwa kulamba chumvi.

Sisemi muiache kabisa. Nunueni yenye madini joto, maana bila hayo shingo huvimba rovu na mtoto tumboni hudhurika. Nasema mpunguze. Na magadi mnayotia kwenye mlenda na maharage yana sodiamu ileile iliyo kwenye chumvi. Ukipunguza moja, usiongeze jingine.

Nawe binti unayepika, chumvi itie mara moja, kwa kijiko, si kwa kiganja. Kayabo iloweke, umwage maji, ndipo uipike. Mchuzi ukikosa ladha, uko ukwaju, liko limao, kipo kitunguu saumu, zipo karanga za kuunga. Kilichopungua chunguni kitaongezwa, kilichozidi hakuna wa kukichota.

Wiki za kwanza mtaona chakula hakina ladha. Vumilieni, ulimi hujifunza. Baada ya wiki chache mtashangaa jinsi mlivyokuwa mnakula.

Wajukuu wangu, nawaomba tena. Kikopo cha chumvi kitoke mezani leo, kirudi jikoni. Msimwonjeshe mtoto mdogo tabia ya kujiongezea chumvi. Wiki hii nendeni mkapime presha, hata kama hamuumwi popote, hasa kama hamuumwi popote. Na aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kujisikia nafuu: nafuu hiyo imeletwa na dawa zenyewe.

Nataka ninyi mnizike mimi. Msinifanye niwazike ninyi.