Mgonjwa wa akili akipona, atarudi kwa nani?

Ukipita stendi ya Musoma au Bunda ukamwona mgonjwa wa akili amelala barazani, utasema: apelekwe Hospitali ya Mirembe, Dodoma. Nami nimewahi kusema hivyo. Lakini akipata nafuu, atarudi kwa nani? Dawa hutuliza maradhi. Haifungui mlango uliofungwa na nduguze.

Hili halikuwa geni nchini. Zama za Mwalimu Nyerere (1961–1985), mwana wa Butiama, wagonjwa wa Mirembe waliandaliwa kijiji cha Hombolo, wakaishi na kulima.

Basi tujiulize kwa uadilifu: tunampeleka apone, au tunamwondoa tusimwone? Kama ni apone, huku kwetu Mara tumwandalie chumba, dawa, na jirani wa kumjulia hali.