Jueni Mnachokamua kwenye Shubiri

Wajukuu zangu, kutoka vilima vya Mbulu hadi chini ya mlima Hanang, shubiri inajiotea yenyewe kwenye mawe. Tumekua nayo. Mtu akikosa choo alinyweshwa, kuku wakisinzia walikatiwa jani ndani ya maji yao. Siwaambii mwache ya wazee. Nawaambia mjue mnachokamua.

Kata jani, ulisimamishe kwenye bakuli, upande uliokatwa ukiwa chini. Kwanza huchuruzika utomvu wa njano, mchungu, unaokaa chini tu ya ganda. Ukiisha, lioshe jani na ulimenye: ndani mna ute mweupe unaoteleza. Huo ndio wa kupaka ngozi iliyobabuka kidogo kwa moto, tena baada ya kuipoza kwa maji safi. Moto ukichimba nyama, nenda hospitali.

Utomvu ndio unaoendesha tumbo. Ukizidi, unasokota, unaharisha, unamaliza maji na chumvi mwilini. Ukinywewa mfululizo, figo zinaweza kuumia. Marekani mwaka 2002 iliamuru dawa za kufungua choo zenye utomvu huu zitoke madukani, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama wake. Basi mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na mwenye figo mbovu wasiunywe. Na ule mtindo wa kujipaka chuchu ili kumwachisha mtoto ziwa, uacheni.

Nasikia bado mnasema dawa isiyo chungu si dawa. Uchungu hauui vijidudu vya malaria. Mtoto akichemka mwili, mpelekeni zahanati akapimwe, au Haydom, hospitali inayotibu watu tangu 1955. Mkifika, mtajieni daktari kila mlichomnywesha, msione haya. Kuku nao, mdondo huzuiwa kwa chanjo ya tone la jichoni, kabla haujaingia bandani.

Tena shubiri si moja. Huko Taita, Kenya, ipo iitwayo Aloe ballyi, yenye harufu ya panya, na ina sumu. Chuma ile tu uliyoonyeshwa na anayeijua, uchukue majani ya chini, shina uliache. Ukitaka ya kunywa, mwendee mganga aliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Anayekataa kukwambia kipimo, usipokee kikombe chake.